Dakika 48: mwongozo kamili wa kuosha na kukausha gari nyumbani

Mke wangu ndiye aliyeanza. Alisimama mlangoni na kikombe cha chai akauliza, "Baba Salma, hilo gari unaliosha au unalizaa?" Nilikuwa nimeanza saa moja asubuhi. Ilishafika saa tatu kasoro, na bado nilikuwa nafuta boneti kwa mara ya tatu.

Jumamosi iliyofuata nikaweka saa ya simu. Gari ni Toyota IST, kijigari tu, lenye vumbi la wiki moja la Dar es Salaam. Niliandika nyuma ya risiti: kutafuta vitambaa na kujaza ndoo, dakika 15. Rimu na matairi, 20. Bodi, 25. Kusuuza, 10. Kukausha na kuyafukuzia madoa, 30. Jumla dakika 100. Ukiosha kila wiki kwa mwendo huo, mwaka unapoisha umetumia saa 86 na ushei, yaani siku tatu na nusu, usiku na mchana, umeinama na kitambaa mkononi.

Ukizitazama namba hizo, bodi yenyewe, ambayo ndiyo tunayoiita "kuosha gari", imechukua robo tu ya muda. Muda mrefu zaidi umeliwa na kukausha. Wengi wetu tukitaka kuharakisha tunakimbiza sponji, na hapo ndipo tunapokwaruza rangi bila kuokoa chochote. Muda unaokolewa kabla ya kulowesha gari na baada ya kulisuuza. Siku hizi namaliza kwa dakika 48, na gari linatoka safi kuliko zamani. Ninavyofanya ni hivi.

Jambo la kwanza ni saa ya kuanza

Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au saa moja. Katikati ya mchana hapa pwani usijaribu. Bati la boneti lililopigwa na jua hukausha povu kabla hujafika mlango wa pili, na maji yanapokauka yenyewe huacha chumvi yake pale pale yalipokuwa. Hapo utatumia nusu saa kufuta kitu ambacho kingekuwa kimeondoka na maji.

Kipimo changu ni mgongo wa kiganja. Uweke juu ya boneti. Kama huwezi kuuacha pale kwa raha, gari bado ni la moto. Ukiwa umetoka barabarani, subiri nusu saa injini na breki zipoe. Maji ya baridi kwenye diski ya breki yenye moto yanaweza kuipinda, na usukani utakuja kukutetemekea mikononi kila unapokanyaga breki.

Jioni baada ya saa kumi na moja pia inafaa, ila giza likikukuta hutaona madoa, na mbu wa kwetu hawana simile.

Yajue maji yako

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo baadhi ya dakika zangu 30 za kukausha zilipotoka.

Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi au maji magumu, yale yanayokataa kutoa povu. Ndani yake kuna kalisi na magnesi. Tone la maji hayo likikaukia kwenye rangi, maji yanaondoka na madini yanabaki, ndiyo yale maduara meupe unayoyaona kwenye gari jeusi. Ukiyaacha siku nyingi juani yanashika kwelikweli, na kitambaa cha maji hakiyatoi tena.

Dawa yake ni rahisi. Osha kwa maji ya kisima ukitaka, lakini maji ya mwisho yawe ya bomba au ya mvua. Huhitaji mengi. Mimi huweka lita 10 pembeni kwenye kopo la kumwagilia bustani, na kwa IST zinatosha kabisa. Msimu wa masika nakinga maji kwenye mfereji wa bati na kuyahifadhi kwenye madumu yenye vifuniko. Siku ya kwanza kufanya hivyo nilisubiri madoa yatokee, hayakutokea. Ndipo nilipojua kwamba miaka yote nilikuwa nafuta chumvi ya kisima changu mwenyewe.

Kama madoa tayari yapo, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kiweke juu ya doa kwa dakika moja, futa taratibu kisha suuza kwa maji mengi. Siki huondoa na waksi, ile nta inayopakwa kulinda rangi, kwa hiyo mahali hapo utaipaka upya.

Andaa usiku wa kuamkia (asubuhi zibaki dakika 5)

Zile dakika 15 za kutafuta vitu ni uzembe mtupu, na tiba yake ni kuviweka vyote mahali pamoja:

– ndoo mbili za lita 20 kwa ajili ya bodi, moja ya sabuni na moja ya maji matupu ya kusuuzia glavu;
– ndoo ndogo au kopo la rangi kwa ajili ya rimu, lenye brashi yake na tambara lake;
– glavu ya maikrofaiba yenye manyoya marefu;
– taulo kubwa la maikrofaiba la kukaushia, na vitambaa viwili vidogo;
– shampuu ya magari;
– stuli, ukiwa na Noah, Prado au gari lolote ambalo mkono haufiki katikati ya paa.

Ndoo zijaze usiku. Kwenye nyumba za kupanga hili lina faida ya pili: asubuhi ya Jumamosi bomba la uani lina foleni ya wenye nguo, na wewe ukijitokeza na mpira wa maji utagombana na watu bure.

Kuhusu sabuni. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwenye nguo. Imetengenezwa kupigana na mafuta na jasho, na punje ambazo hazijayeyuka zinakwaruza. Sabuni ya vyombo haitaharibu gari kwa siku moja, lakini inaondoa waksi, na waksi ndiyo inayofanya maji yateleze. Ukiosha kwa sabuni ya vyombo kila wiki unajiongezea kazi ya kukausha kila wiki. Shampuu ya magari inatumika kidogo sana kwa ndoo nzima, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Chupa moja inakaa miezi.

Na tafadhali, fulana kuukuu na vipande vya khanga vifutie baiskeli. Pamba iliyobana haina pa kuficha mchanga, inaukokota juu ya rangi. Tabaka angavu linalolinda rangi ya gari mara nyingi ni maikroni 40 hadi 50 tu, jembamba kuliko unywele. Ile mikwaruzo ya mviringo kama utando wa buibui, inayoonekana taa ikiwaka juu ya gari jeusi, haikuletwa na miti wala na watoto. Tumeileta wenyewe, kwa khanga.

Hatua ya 1: Lowesha, usiguse (dakika 5)

Mimina maji kuanzia paani kwenda chini, kwa mpira au kwa kopo la kumwagilia. Usishike kitambaa bado. Kazi ya maji haya ni kuondoa mchanga ulio huru. Kama umetoka safari na gari lina tope jekundu lililokauka kwenye madigadi na chini ya milango, lowesha, subiri dakika tatu, lowesha tena. Tope lililolainika linaanguka lenyewe. Lililo kavu ukilisugua ni sawa na msasa.

Kinyesi cha ndege, mabaki ya wadudu na utomvu wa mwembe vifunike kwa kitambaa kilicholowa na uendelee na mengine, utavirudia. Kinyesi cha ndege usikibandue kwa ukucha, kina punje ngumu ndani. Na usikiache mpaka Jumamosi ijayo, maana kikichemka juani kinaila rangi na kuacha kovu.

Mwenye mashine ya presha asimame sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye bodi, na asiielekeze karibu karibu kwenye ubavu wa tairi, kwenye mipira ya milango wala penye rangi iliyoanza kubanduka. Injini achana nayo siku ya kawaida. Nyaya, soketi na koili za plagi hazipendi maji ya nguvu, na gari la kusukuma siku ya Jumamosi si mazoezi mazuri.

Kama unaishi Kigamboni au uliegesha ufukweni, mwagia na chini ya gari. Huko ndiko chumvi ya bahari inakofanya kazi yake kimya kimya.

Hatua ya 2: Rimu na matairi (dakika 10)

Zinakuja mapema kwa sababu ndizo chafu kuliko vyote, na ukiziacha mwisho zitaurushia uchafu ubavu ulioshaukausha. Hapo ndipo zamani nilikuwa napoteza dakika nyingi bila kujua, nikirudia milango.

Vumbi jeusi la rimu ni ungaunga wa breki, una chembe za chuma ndani yake. Ndiyo maana ndoo yake, brashi yake na tambara lake havikutani kamwe na bodi. Osha rimu moja, isuuze, nenda nyingine. Usizipake sabuni zote nne halafu urudi, ya kwanza itakuwa imekauka.

Kung'arisha matairi kwa dizeli, mafuta ya taa au oili chafu ni mtindo wa zamani usiokufa. Tairi linang'aa siku mbili, mpira unaharibika taratibu na vumbi lote la mtaa linanata hapo. Tairi lililosuguliwa kwa brashi na sabuni lina weusi wake wa kutosha.

Hatua ya 3: Bodi (dakika 15)

Chovya glavu kwenye ndoo ya sabuni, osha sehemu moja, isuuze glavu kwenye ndoo ya maji matupu kwa kuisugua pembeni, kisha rudi kwenye sabuni. Ni ndoo mbili kwa sababu hiyo tu: mchanga uishie kwenye ndoo ya pili, usirudi kwenye gari. Ukimaliza kazi tazama chini ya ndoo ya kusuuzia. Ukiona ule mchanga uliotuama hutauliza tena kama ni lazima.

Mfuatano wangu ni paa, vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango, bampa, kisha nusu ya chini ya milango. Kwenda juu-chini huku ni kwa sababu uchafu mzito unakaa chini. Piga mistari iliyonyooka bila kukandamiza. Uzito wa glavu iliyolowa unatosha. Penye kinyesi cha ndege na utomvu pale palipofunikwa, sasa panafutika bila vita; utomvu mkaidi unatoka kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa, halafu unasuuza mara moja.

Glavu ikianguka chini, imekwisha kazi kwa siku hiyo. Najua inauma. Chukua kitambaa kingine.

Jua likikuwahi, gawanya gari: osha na usuuze upande mmoja kwanza, kisha wa pili, huku ukiulowesha ule wa kwanza usikauke.

Hatua ya 4: Suuza (dakika 4)

Kwanza suuza kawaida povu liondoke lote, hasa kwenye vioo vya pembeni, vitasa na maungio ya bampa. Kisha toa ile pua ya kunyunyizia kwenye mpira, maji yatoke mazito na polepole, uyamimine paani yashuke kama shuka. Maji yanayotiririka kwa pamoja yanabebana yenyewe kwenda chini. Ukinyunyiza unabakiza maelfu ya matone, na kila tone ni la kufutwa.

Malizia na zile lita 10 za maji ya bomba au ya mvua.

Hatua ya 5: Kukausha (dakika 9)

Swali ninaloulizwa zaidi: kwa nini nikaushe, jua si lipo? Kijana mmoja muosha magari aliwahi kuniambia, "Bosi, hili nusu saa limekauka lenyewe." Lilikauka kweli, na ramani yote ya matone ikabaki juu ya boneti. Kukausha ni kuyaondoa maji yakiwa bado maji.

Tandaza taulo kubwa juu ya paa likiwa limefunguka lote, shika pembe mbili, livute taratibu kuelekea kwako. Usisugue. Taulo zuri la maikrofaiba, nene na lenye manyoya, linakunywa paa lote la IST kwa mivuto mitatu. Endelea na vioo, boneti, buti, kisha ubavu. Likilemewa likamue, uendelee. Kama waksi ipo, utashangaa jinsi boneti isivyo na maji mengi tangu mwanzo.

Ile ngozi ya njano inayouzwa ndani ya kopo refu, rafiki wa madereva wengi, inanyonya maji vizuri lakini haina manyoya ya kumeza punje ya mchanga iliyobaki. Ukiitumia, iloweshe na kuikamua kwanza, maana ikiwa kavu inang'ang'ania rangi, na ipitishe kwa wepesi. Ule mpira wa kusukumia maji uishie kwenye vioo.

Sasa mbinu iliyonipunguzia dakika nyingi kuliko zote. Kukausha kwangu kulikuwa hakuishi kwa sababu ya maji yaliyojificha: nyuma ya vioo vya pembeni, kwenye vitasa, kwenye kifuniko cha mafuta, chini ya waipa, kwenye namba za gari. Unafuta mlango, unageuka, mchirizi umeshuka tena. Unafuta, unashuka. Siku hizi siyafukuzii. Nikishafuta sehemu kubwa, nafungua milango yote na buti, nafuta vizingiti na mifereji ya mipira, nafunga. Halafu nawasha gari naenda mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, nikikanyaga breki mara kadhaa. Maji yaliyojificha yanatoka yote kwa pamoja. Nikirudi napita na kitambaa kidogo mara moja tu, basi.

Safari hiyo fupi inakausha na breki. Ukiegesha gari lenye diski zilizolowa utakuta zina kutu ya rangi ya chungwa kesho yake. Haina madhara, inafutika breki za kwanza, ila inawatisha wageni. Muhimu zaidi, usiweke breki ya mkono na kuliacha siku nyingi likiwa limelowa, pedi au viatu vya breki vinaweza kushikana na chuma.

Rimu zifute mwisho, kwa tambara lake.

Waksi: hesabu yake

Kupaka waksi IST kunanichukua dakika 40, kila baada ya miezi miwili au mitatu. Inasikika kama kujiongezea kazi, lakini fanya hesabu: gari lenye waksi linanipunguzia dakika 5 hivi za kukausha kila wiki, na kwa wiki 10 hizo ni 50. Umerudisha muda wako na rangi imelindwa bure. Paka kwenye kivuli, gari likiwa safi na kavu, tabaka jembamba, sehemu moja baada ya nyingine. Ukipaka nene utafuta mpaka mkono uchoke, wala haling'ai zaidi.

Taulo na glavu zifuliwe peke yake, kwa sabuni ya maji, bila dawa ya kulainisha nguo, kwani hiyo hufunga nyuzi zisinyonye tena. Anika kivulini mbali na mchanga. Pasi usiipeleke karibu, maikrofaiba ni plastiki.

Kama huna muda wala maji

Siku za mgao, gari likiwa na vumbi jepesi tu, zipo dawa za kuoshea bila kusuuza. Unachanganya kidogo kwenye ndoo yenye lita 8 au 10, unapitisha kitambaa kilicholowa mara moja kila sehemu, unageuza upande safi, unakausha papo hapo. Dakika 25 umemaliza. Gari lenye tope usilijaribie njia hii.

Mtoni usiende. Mbali na mafuta na sabuni unayowaachia wa chini, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa na bahari.

Na kwa waosha magari? Ni halali kabisa. Ila hesabu muda wote: kwenda, foleni, kuosha, kurudi. Jumamosi asubuhi kuosha ni nusu saa na kusubiri kunaweza kuwa saa nzima. Pengine pembeni kuna nyama choma na mpira kwenye televisheni, lakini hapo tuseme ukweli, hukwenda kuosha gari. Ukienda, nenda katikati ya wiki, na ubebe taulo lako mwenyewe. Mwambie kijana kwa adabu: "Mdogo wangu, likaushe na hili." Tambara la pale limeshafuta magari 20 tangu asubuhi, likiwemo la yule aliyetoka shamba.

Gari kubwa ongeza dakika 15 hadi 20 juu ya zangu. Jumamosi iliyopita nilimaliza saa mbili kasoro dakika kumi, nikaingia ndani, Mama Salma akatazama saa, akasema zulia la sebuleni nalo lina vumbi.